Mliopiga kwata kwenye dramu kopsi Marekani, ni kitu gani hakijawatoka mwilini mpaka leo?

TubaBegani

Wakuu habari za jioni. Najua humu hatuko wengi ila tupo, maana kila mtu akigusia bendi za kwata za Marekani lazima wawili watatu wajitokeze, sasa leo nimeona niwaite wote kwa pamoja.

Jana nilikuwa nahamisha maboksi nikakutana na kidaftari changu cha doti. Waliopita huko hawahitaji maelezo. Kwa wengine, dramu kopsi ni kundi la vijana wanaopiga baragumu na tarumbeta, ngoma, na wale wa bendera, wote wanatembea na kukimbia juu ya uwanja wa mpira wa Kimarekani huku wanapiga, shoo moja ni kama dakika 11 hivi na kila mtu ana sehemu yake ya kusimama kwa kila picha inayochorwa na kundi pale chini. Ile sehemu ndiyo doti. Mwaka 1972 mashindano makuu ya kwanza ya DCI (Drum Corps International, chama kinachosimamia makundi haya) yalifanyika Whitewater kule Wisconsin, na tangu hapo kila kiangazi vijana wanajifungia humo mpaka Agosti.

Mimi nilibeba tuba miaka mitatu, 1999 mpaka 2001. Nilifika Marekani mdogo na wazazi, shuleni nikawekwa kwenye bendi kwa sababu tu nilikuwa na mabega mapana, yaliyofuata ni historia.

Sasa hicho kidaftari. Ni vikaratasi vilivyofungwa pamoja na kamba ya kiatu ili kivaliwe shingoni, jalada limekakamaa kwa jasho, kuna ukurasa una doa la nyasi. Nimefungua seti ya 34, yaani picha ya 34 ya shoo, nikakuta mwandiko wangu wa penseli: "upande wa 1, hatua 2 na robo ndani ya mstari wa 40, hatua 4 mbele ya hashi ya nyuma." (Hashi ni ile safu ya vialama vifupi uwanjani.) Na pembeni yake kuna mwandiko ambao si wangu, neno moja tu, PUMUA. Aliandika jamaa niliyekuwa nasimama naye kulia, maana pale seti ya 34 tulikuwa tunarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole kasi ya ajabu na tuba ya kama kilo 15 begani, na mimi kila siku nilikuwa nafika pale nimeishiwa pumzi, yeye akachukua kidaftari changu wakati wa kunywa maji akaniandikia. Sikujua kaandika mpaka siku tatu baadaye.

Aisee nilikaa chini kwenye sakafu nikashika kile kidaftari muda mrefu sana.

Kinachonirudia mimi sio fainali wala alama. Ni ile sekunde moja kabla ya noti ya kwanza. Wakati wetu ukomo ulikuwa watu 128, sasa fikiria uwanja umezimika kelele, dramu meja, yule anayetuongoza, ameinua mikono, halafu wote mnavuta pumzi kwa pamoja. Ile pumzi ina sauti yake. Watazamaji wengi hawaisikii, ila sisi tuliosimama ndani tuliisikia kama mlango mkubwa unafunguliwa. Mpaka leo nikiwa sehemu yenye watu wengi kukawa kimya ghafla, kifua changu kinajaa chenyewe.

Nyie wenzangu, kitu gani hakijawatoka? Simulieni, hata kidogo.

Snea_wa_Kati

Dah mkuu umenipeleka mbali. Hilo PUMUA limenipata pabaya.

Mimi ni mtu wa snea, ile ngoma ndogo ya vijiti yenye sauti kali, 2003 hadi 2006. Kwangu kitu ni maegesho ya magari. Wanaokaa jukwaani wanaona shoo, lakini asikwambie mtu, shoo ya ngoma inaanzia nje kwenye lami kabla ya kuingia uwanjani, mnajipanga nusu duara, jua linakaribia kuzama, mashabiki wamewazunguka karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa mtu, kuna watoto wamekaa chini kabisa mbele wameziba masikio na hawataki kuondoka. Wa katikati anagonga ukingo wa ngoma mara nne halafu mnaingia.

Ngozi za snea zile zimekazwa mpaka zinakuwa ngumu kama meza, haina pa kujificha, ukichelewa kidogo tu inasikika kama punje ya mchanga kwenye wali. Tulikuwa tisa. Mwezi mzima wa kwanza tulisikika tisa. Tulirudia mpigo mmoja mmoja, mkono wa kulia tu, nusu saa, halafu kushoto tu, nusu saa, metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) inalia kwenye spika nyuma yetu tak tak tak mpaka unaisikia usingizini. Halafu siku moja mwishoni mwa Juni, sio siku ya mashindano, siku ya mazoezi ya kawaida asubuhi nyasi bado zina umande, tukapiga roli ndefu, yale mapigo ya haraka yanayofuatana, na ikatoka kama ya mtu mmoja. Hakuna aliyeshangilia. Mwalimu wetu akavua kofia akatazama chini, akasema tena. Tukapiga tena, ikatoka tena. Nilikuwa na miaka 18 na nikajua kwamba nimeshapata kitu ambacho watu wengi hawakipati maishani, kuwa mmoja kati ya tisa na kusikika mmoja.

Mpaka leo nikiendesha gari vidole vinapiga kwenye usukani. Wanangu wameshajua roli ya mapigo matano kabla hawajajua kuandika majina yao.

Swali kwako TubaBegani, wewe uliwahi kupiga zile baragumu za zamani za ufunguo wa G? Maana miaka hiyo ndio mabadiliko yalikuja.

TubaBegani

Mkuu nilizipiga miaka miwili. Kanuni ilibadilika mwaka 2000 makundi yakaruhusiwa kutumia ala za shaba za ufunguo wowote, sisi tukahamia za B flati 2001. Nakwambia ukweli zile za G zilikuwa ngumu kuziweka sawa, unahangaika na noti mpaka midomo inakufa ganzi, lakini zikikubali zilikuwa zinapiga kifuani kabisa. Za B flati zilikuwa tamu na rahisi kulinganisha. Nilizipenda zote, ila siku tulipokabidhi zile za G tulizipanga mstari kwenye sakafu ya jimu, tukazifuta moja moja kwa kitambaa, na hakuna aliyetutuma kufanya hivyo.

MamaBendera

Kaka zangu naona mnaongea kama vile uwanja ulikuwa na shaba na ngoma peke yake 😊 sisi wa bendera tupo!

Nilikuwa kwenye bendera na bunduki za mbao 2006 mpaka 2008. Kwa wasiojua, bunduki ya mbao unairusha juu inazunguka mara tano sita hewani halafu unaidaka bila kuangalia kama vile haikukupa shida, na wenzako kumi na kitu wanadaka sekunde hiyohiyo, mdako mmoja, pa! Ile sauti ya viganja vyote kwa pamoja kwenye mbao. Mikono yangu kiangazi kizima ilikuwa na michubuko ya kijani na zambarau, vidole vimefungwa tepu nyeupe, na usiku kwenye basi tulikuwa tunabadilishana plasta kama watu wanaogawana peremende.

Basi sasa. Jamani lile basi. Shoo inaisha saa nne usiku, mnakula, mnapakia, basi linaondoka saa sita, mnafika mji mwingine alfajiri mnatandika magodoro kwenye sakafu ya jimu la shule fulani, mnalala kwa muda wa saa nne tu, mnaamshwa mnaingia uwanjani. Kesho yake hivyohivyo. Nilijifunza kulala nimekaa, nimeegemea bega la mtu ambaye wiki mbili nyuma sikujua jina lake. Mpaka leo yeye ndiye ananipigia simu kwanza kwenye siku yangu ya kuzaliwa.

Na mnaonaje hakuna aliyetaja jikoni? Lori la chakula, milo minne kwa siku kwa watu zaidi ya mia, wapishi ni wazazi na watu wa kujitolea tu. Kulikuwa na mama mmoja alikuwa anatuhudumia uji wa oti asubuhi, kila mtu anamwita kwa jina, watu zaidi ya mia na hakukosea hata mmoja. Siku nimepata habari za msiba nyumbani na siwezi kusafiri, yeye hakusema kitu, alinipa mwiko nikoroge sufuria pamoja naye saa kumi na moja asubuhi giza bado. Mimi nikikumbuka kopsi namkumbuka yule mama kabla ya bendera.

2008 kundi letu halikuingia kwenye kumi na mbili bora kwa hiyo usiku wa fainali pale Bloomington, Indiana, tulikuwa watazamaji. Mnaokumbuka mnakumbuka, kundi la Phantom Regiment na shoo yao ya kisa cha Spartacus wakawapita wenzao Blue Devils kwa alama 0.025. Sifuri nukta sifuri mbili tano wakuu! Mimi sikuwa shabiki wa yeyote kati yao lakini jukwaa lilipolipuka nilijikuta nimemkumbatia mzee mmoja nisiyemjua amevaa koti la kopsi ya zamani, wote wawili tunalia.

Mzee wa Baragumu

Watoto wangu nimesoma yote mpaka miwani ikafunga ukungu.

Snea_wa_Kati

Shikamoo mzee! Tulikuwa tunakusubiri.

Mzee wa Baragumu

Marahaba. Haya, mimi ni wa zamani, 1979 hadi 1982, baba alikuwa masomoni huko tukakaa miaka sita. Kundi letu lilikuwa dogo la mji mdogo na halipo tena, kwa hiyo hata nikilitaja hakuna atakayelijua. Makundi mengi ya wakati ule yalitoka kwenye kumbi za maveterani wa vita na makanisa, ndio asili yenyewe hiyo, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi walirudi na vyama vyao vikachukua baragumu na ngoma zilizobaki jeshini wakaanzisha bendi, baadaye wakaanza kufundisha watoto wa mtaani. Sisi tulilipiwa na mchezo wa bingo. Wazazi walikuwa wanasimamia bingo jioni, ile pesa ndio inanunua dizeli ya basi. Na tarehe 4 Julai tulikuwa tunatembea kwenye paredi mbili hata tatu kwa siku moja, sare ya sufi, kofia yenye manyoya, jua la mchana, kwa sababu paredi zilikuwa zinalipa.

Baragumu yangu ilikuwa na vali mbili tu, vile vibonyezo vya kubadilisha noti. Noti nyingine ilibidi uzitafute kwa midomo na imani.

Kitu ambacho nyie hamkukipitia ni mfumo wa tiki. Majaji walikuwa wanatembea humohumo uwanjani katikati yetu na ubao wa kuandikia, kila kosa analoliona anaweka alama, na kila alama ni 0.1 imeondoka. Unaanza umekamilika halafu unapunguzwa. Umesimama mguu sawa, jaji anainama anakutazama mguu kama uko kwenye mstari, unasikia penseli yake. Mfumo huo ulikuja kuachwa 1984, mimi nimeshaondoka. Watu wanasema ulikuwa mkali na ni kweli, lakini niwaambie kilichotokea kwangu. Jaji alikuja akasimama pua kwa pua na mimi katika kipande kigumu kuliko vyote, nikapiga nikamaliza, akasubiri kidogo, akaondoka bila kuandika. Basi. Hiyo ndiyo medali yangu, miaka zaidi ya arobaini naitunza.

Siku hizi naona wana maiki na vinanda vya umeme uwanjani. Sivipendi. Ngoma na shaba vilitosha.

Mwisho2019

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote hapo naomba nitofautiane kidogo. Maiki ziliruhusiwa 2004 na vyombo vya umeme 2009, mimi nilikuwa mtu wa marimba pale mbele, na zamani bila maiki vijiti vya marimba vilikuwa havisikiki kabisa ikabidi watu wapige kwa nguvu mpaka mbao zinapasuka (hivi ndivyo nilivyosimuliwa na waliotutangulia). Maiki ilinipa ruhusa ya kupiga taratibu. Kupiga taratibu mbele ya uwanja mzima na kusikika ni kitu kizuri mno mzee wangu.

Ila nimekuja kwa ajili ya swali la mwenye uzi.

Nilianza 2017. Kama mnavyojua wakati wetu umri ukifika 22 umemaliza, na msimu wa mwisho kwa wengi una heshima yake, usiku wa mwisho wanaomaliza wanasimama mbele, wengine wanavua viatu wanaviacha uwanjani. Mimi mwaka wangu wa mwisho ulikuwa 2020. Nilikuwa nimeshakwenda kambi za majira ya baridi, nimeshajua muziki wa mwanzo wote kwa kichwa. Msimu ukafutwa kwa sababu ya korona. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeanza kazi, sikurudi.

Kwa hiyo shoo yangu ya mwisho ilikuwa Agosti 2019 na sikujua kama ni ya mwisho. Nilipakia marimba kwenye lori nikifikiria chakula. Viatu vyangu vya kwata niliviweka kwenye begi kama siku yoyote, viko kabatini mpaka sasa, vina vumbi la uwanja kwenye kona za soli.

Zamani nilikuwa naumia sana nikifikiria hilo. Siku hizi nakumbuka kitu kingine, kwamba usiku ule tulipomaliza kupakia rafiki yangu wa vibrafoni alikaa juu ya kreti akaanza kupiga kipande chetu cha taratibu kwa vidole kwenye goti lake, nikakaa pembeni nikapiga sehemu yangu kwenye goti langu, hakuna sauti yoyote, tukamaliza chote mpaka mwisho kisha tukaenda kulala. Sasa hiyo ndiyo naihesabu kuwa shoo yangu ya mwisho.

Mzee wa Baragumu

Mwanangu, hoja ya maiki nimeisikia na nimeipokea. Kupiga taratibu ukasikika, sikuwahi kuliangalia hivyo. Na vile viatu usivitupe.

MamaBendera

Mwisho2019 mdogo wangu 😭 nakukumbatia kutoka huku.

BintiAnataka17

Samahanini wakubwa nimeingia bila hodi. Nina miaka 17, napiga tarumbeta na nataka kwenda kujaribu kopsi moja mwishoni mwa mwaka. Mama anaogopa, anasema ni jeshi. Ni jeshi kweli? Na ada mbona kubwa hivi?

MamaBendera

Karibu sana mdogo wangu. Sio jeshi, ila utaamshwa mapema na utachoka uchovu ambao hujawahi kuujua. Ada ni kweli, siku hizi ni maelfu ya dola na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kuna watoto wenye vipaji wanaishia mlangoni. Uliza mapema kuhusu misaada ya ada, makundi mengi yanayo, na wengine wanaandika barua kwa ndugu na majirani wanachangiwa kidogokidogo, usione aibu. Kambi za majaribio huwa zinaanza Novemba, Desemba. Hata usipochukuliwa nenda tu, unarudi unapiga vizuri kuliko ulivyokwenda. Na mama yako mlete naye, mpeleke moja kwa moja kwenye lori la chakula akaone watu wanaowalea wale watoto. Akishika kisu akakata vitunguu na wale akina mama mambo yameisha.

Snea_wa_Kati

Naongezea moja tu: anza kutembea sasa hivi. Hatua nane ziingie kwenye yadi tano, yaani kila hatua inchi 22 na nusu, kisigino kinatangulia, magoti hayaruki, huku unashikilia noti ndefu bila kuyumba. Ukifika kambini mwili unajua tayari basi kichwa kinabaki huru kwa muziki.

TubaBegani

Wakuu sikutegemea haya. Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, ile ya goti nimemsomea mke wangu kwa sauti nikashindwa kumalizia.

Nimepata na habari njema, usiku huu nimemtafuta yule jamaa aliyeniandikia PUMUA. Nilimpata kupitia mtu wa tatu, nikamtumia picha ya ukurasa bila maneno yoyote. Amejibu baada ya dakika mbili: "Seti 34. Bado unachelewa?" Tumeongea saa nzima na nusu. Anasema kuna makundi ya watu wazima yasiyo na ukomo wa umri, yeye anabeba tuba huko msimu wa tatu sasa, na kuna nafasi kulia kwake. Sijampa jibu bado, magoti yangu nayajua. Ila Agosti nitakwenda fainali tukakae pamoja jukwaani, hilo nimeahidi.

Halafu baada ya kukata simu nikatoka nje kwenye lami na kidaftari, hakuna mtu, nikachora mistari miwili kwa chaki yadi tano kutoka mmoja hadi mwingine. Nikasimama mguu sawa, nikavuta pumzi, nikarudi kinyumenyume hatua nane kwa ncha za vidole. Nimepungukiwa vidole vitatu kufika mstari. Kesho asubuhi narudia.